Mwewe wa Mkaratusi Wetu: Yanayosemwa na Yanayoonekana

Nyuma ya ploti yetu hapa Kawangware kuna mkaratusi, na juu yake kiota cha mwewe. Ngazi za ghorofa ya nne zinatazamana nacho, kwa hiyo kila mpangaji ana la kusema. Mimi niliazima darubini nikawatazama msimu mzima.

"Yule ni tai." Siye. Mtazame mkia anapogeuka: una panda kama mkia wa samaki, naye huupinda huku na huku mithili ya usukani. Mdomo wake ni wa manjano. Ukiona wenye mdomo mweusi wakilia njaa karibu na kiota, usidhani ni wageni. Ni makinda, na manjano huja na umri.

"Atabeba mtoto." Mama mboga wa getini hamwachi mjukuu wake peke yake kwa sababu hiyo. Mwewe hafikishi kilo moja. Anayoyaweza ni panya, kumbikumbi, kifaranga (tangu kuku apoteze wembe wa mwewe, kama shosho alivyotusimulia) na chapati. Hilo la chapati halina ubishi. Waulize wanafunzi wanaokula uwanjani. Kucha zikikukwaruza, alikuwa akilenga chakula.

"Kiota cha takataka, ndege mchafu." Hapa ndipo nilipokaa sana na darubini. Vijiti viko nje, na ndani mna vitambaa, karatasi, kipande cha gunia na plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini mwewe wetu aliupata wake, mweupe pe, akauning'iniza ukingoni. Nilicheka, kisha nikajifunza. Huko Doñana, kusini mwa Hispania, watafiti waliwachunguza mwewe weusi, ndugu wa karibu wa huyu wetu, na mwaka 2011 wakachapisha waliyoyaona: plastiki nyeupe kiotani ni tangazo. Wenye nguvu na eneo zuri hupamba zaidi, na mwewe wengine hawathubutu kuwavamia. Wachanga sana na wazee hupamba kidogo au hawapambi kabisa. Sijui kama wetu naye alikuwa akijigamba, ila kunguru hawakumwogopa hata kidogo. Walimsumbua asubuhi hadi jioni.

"Dume ni mvivu, anazurura tu." Jike, ambaye ndiye mkubwa kwa umbo, hulalia mayai karibu mwezi mzima. Dume akizurura anatafuta chakula cha watu wawili, na baadaye cha nyumba nzima.

"Kinda mkubwa ana roho mbaya." Ni kweli humdonoa mdogo wake, na mdogo wetu wa tatu hakufika mbali. Lakini mama huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, kwa hiyo wa kwanza huanguliwa siku kadhaa mapema. Chakula kikipungua, mkubwa ndiye hushiba.

"Ukimgusa, mama atamkataa." Upepo ulimwangusha kinda mmoja, na soja akatufukuza sote kwa fimbo kwa ajili ya imani hii. Ndege hamtupi mwanawe kwa harufu ya mkono wa mtu. Kinda mwenye manyoya kamili huwa anajifunza kuruka: mweke tawini, fungia mbwa, ondoka. Aliye bado na malaika, yaani manyoya laini ya utotoni, ndiye anayehitaji kurudishwa kiotani au kufikishwa kwa maafisa wa wanyamapori. Wetu alikuwa na manyoya kamili. Tulimpandisha kwenye ukuta kwa ufagio, na kabla ya saa kumi jioni mama yake alikuwa amemletea panya.

"Wakiruka wamehama." Makinda hukaa kiotani wiki sita hivi, wakaruka, kisha wakarudi kulala palepale na kudai chakula kwa wiki nyingine kadhaa. Kelele ndizo huzidi wakati huo.

Halafu kuna keateka wetu, mtunza ploti, anayeamini sumu ya panya humaliza panya tu. Sumu nyingi za aina hiyo haziui papo hapo. Panya huzubaa siku mbili tatu, anatembea mchana kweupe, na mwewe hapendi panya mwingine zaidi ya huyo. Nilimweleza nikiwa na darubini mkononi, nikamwonyesha makinda. Alikuwa amenunua pakiti mbili. Moja ameirudisha dukani.