Je, wajua kwa nini "he is rude" na "he is being rude" si kitu kimoja?

Sema "he is rude" kumhusu mtu, na umeshamkatia hukumu: hana adabu, ndivyo alivyo, jana, leo na kesho. Chomeka neno moja katikati, "he is being rude", na hukumu inageuka lalamiko la leo tu: sasa hivi amekosa adabu, ingawa huenda siku nyingine ni mtu wa watu. Neno dogo hivyo linabebaje mzigo wote huo?

Kiingereza kina nyakati zilizopo mbili ambazo zimegawana kazi. "She reads" ni mazoea au tabia. "She is reading" ni tendo lililo mkononi sasa hivi, na litaisha. Sisi "anasoma" yetu inabeba yote mawili. Ukiambiwa "mtoto wake anasoma", hujui kama ameshika kitabu saa hii au ni mwanafunzi mahali fulani. Mazungumzo ndiyo yatakayokwambia. Tukitaka kuibana maana tunachukua hu-: "husoma usiku". Hu- hiyo ndiyo ndugu wa karibu wa "reads". Ukikwama, jiulize kama ungeweza kuiweka hapo. Haitakuokoa kila mahali, maana "anajua" ni "knows" hata kama jambo lenyewe amelijua dakika hii, lakini itakuvusha penye mengi.

Mgawanyo huu haukuwa mkali hivi tangu zamani. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya kukaribia 1600, Polonius anamkuta Hamlet ana kitabu mkononi na kumwuliza, "What do you read, my lord?" Mwanafunzi wa leo akiandika hivyo atapigiwa mstari mwekundu na kuambiwa aandike "What are you reading?" Na "being" inayotangulia sifa ya mtu ni changa zaidi. Mshairi John Keats aliigusa katika barua ya mwaka 1819, alipojisifia bidii aliyokuwa nayo na aliyo nayo bado: "how diligent I have been, and am being".

Turudi kwa yule asiye na adabu. "Is" peke yake hueleza hali, na hali hukaa tu. Ukiitia -ing unailazimisha iwe tendo, kitu ambacho mtu anakifanya na angeweza kuacha kukifanya. Hapo ndipo penye kipimo ninachokipenda: jaribu kumwamuru mtu kwa "acha!" "Acha ukaidi", "acha uchoyo", "acha upuuzi" zote zasemeka, kwa hiyo "is being stubborn", "is being selfish" na "is being silly" ni sawa. "Acha urefu" haisemeki, na ndiyo maana "she is being tall" humchekesha msikilizaji. Hakuna aliyechagua kimo chake.

Kuna mahali ambapo utaratibu huu unapinduliwa makusudi. "He always complains" ni taarifa tu kwamba mtu huyo hulalamika kila mara. "He is always complaining" ni msemaji aliyechoshwa: kutwa kucha analalamika! Jambo ni lilelile la mazoea, ila wakati wa kuendelea umetiwa ili kero isikike.

Mtego mkubwa zaidi kwetu, kwa maoni yangu, uko kwenye -me-, hasa tunapomchora mhusika kwa sura. "Amesimama mlangoni, amevaa koti, ameshika fimbo." Mwanafunzi anakimbilia "has stood, has worn, has held", na msomaji anabaki akijiuliza mambo hayo yalitokea lini. Kwetu tendo la kuvaa limeshakamilika, koti limebaki mwilini. Mwingereza anaangalia kile kinachoendelea kuonekana, hivyo atasema "is standing, is wearing, is holding". Kisha anatugeuka: "amechoka" ni "is tired", na "ana ndevu" ni "has a beard", kamwe si "is having".

Ukiulizwa "What is she like?" usianze kutaja vyakula na michezo anayoipenda, hilo ni jibu la "What does she like?" Swali la kwanza linataka tabia, na hapo sifa zetu pana huwa hazitoshi. "Mkali" wetu mmoja anagawanyika: mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", kisu ni "sharp", na pilipili ni "hot". "Mjanja" naye ni "clever" ukimsifu, "cunning" ukimwogopa.

Hata neno jepesi kama "funny" hubadilika likikutana na "being". "He is funny" ni mcheshi, mtu wa kualikwa. "Is he being funny?" huulizwa na aliyekwisha kununa, na ukitaka kulisema kwetu ni karibu na "huyu ananitania?"