Msala umesingiziwa vya kutosha

Wiki iliyopita aliingia dada mmoja chumbani kwangu hapa Chake Chake na mfuko wa nailoni. Ndani mna maganda ya dawa: siprofloksasini mara mbili, nitrofurantoini, amoksilini. "Daktari, UTI yangu imekuwa sugu. Nimeiokota msalani, kwenye nyumba ya harusi." Huyo alikuwa wa tatu wiki hiyo kuutaja msala, yaani choo.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Hapo pametajwa mahali tu, mkosaji bado. Mara nyingi mkosaji ni E. koli, kidudu cha utumbo wetu wenyewe. Mrija wa mkojo wa mwanamke ni sentimita 4 hivi, na uko jirani na njia ya haja kubwa, basi safari ni fupi. Tendo la ndoa hukisukuma ndani hata kama mume hajawahi kumtazama mwengine. Hiyo si zinaa, na mtu asiachwe kwa ajili yake.

Lakini kuna klamidia, kisonono na trikomonasi. Hivi watu wazima huambukizana kwa kujamiiana, na huuchoma mrija uleule, maumivu yaleyale ya kukojoa. Klamidia huishi ndani ya chembe hai za mwili. Haikai sakafuni ikakungoja. Tena vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa: mkojo unashuka, hakuna kinachopanda.

Nilichovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo wa yule dada. Baada ya dakika mbili kisanduku cha chembe nyeupe, dalili ya usaha, kikawa zambarau, cha nitriti kikabaki cheupe. Tukauweka mkojo kwenye sahani ya maabara tuone kidudu gani kitaota, hakukuota kitu. Hapo ndipo wengi husema maabara imekosea, wakaenda duka la dawa kununua kali zaidi. Maabara haikukosea! E. koli hugeuza nitreti kuwa nitriti, klamidia haigeuzi. Na kwenye sahani ya kuoteshea haioti, maana inataka chembe hai. Usaha upo na hakuna kilichoota: hiyo yenyewe ni habari. Ila kijiti si hakimu. Ukikojoa kila saa, hata E. koli haipati muda wa kutengeneza nitriti, na dawa uliyomeza jana inaweza kuzuia mkojo usiote chochote.

Kipimo cha vinasaba cha klamidia mimi sina. Nauliza, natazama mlango wa kizazi, kisha naamua. Nimewahi kumpa dawa za zinaa mwanamke aliyekuwa na E. koli tu, nikampelekea fitina nyumbani kwake. Nimewahi pia kumrudisha mwengine na dawa ya kibofu, akaja baada ya miezi na maumivu chini ya kitovu, mirija ya uzazi imeshavimba. Yote mawili yananinyima usingizi.

Nitrofurantoini hukusanyika kwenye mkojo. Haiifikii klamidia iliyo kwenye mlango wa kizazi. Dawa yake ni doksisaiklini miligramu 100, asubuhi na jioni, siku 7. Mjamzito hapewi hiyo, hupewa azithromaisini gramu 1. Mume naye atibiwe, hata kama haumwi, na wasikutane mpaka wote wamalize; aliyemeza ile gramu 1 mara moja angoje siku 7. Kama ana wake wawili, na mke mwenza atibiwe, ama ugonjwa utazunguka nyumba hizo mbili bila kukoma.

"Kwa hiyo mume wangu ametoka nje alipokuwa dago, kule kambi ya wavuvi?" aliniuliza yule dada, machozi yanamlenga. Mwanangu, kipimo hakisemi hivyo. Klamidia hukaa kimya miezi mingi, kwa mwanamme na kwa mwanamke, na inaweza kuwa ilimtangulia mmoja wenu kabla ya ndoa. Haiji na tarehe. Nilimwambia asimkabili kwa maneno, amlete tu.

Siku ya nne alimleta. Bwana hakutaka kuingia, akakaa kwenye benchi la nje, kofia mkononi. Nikatoka nikakaa kando yake. "Daktari, mimi siumwi kitu." Najua, nikamwambia, wanaume wengi hawaumwi, na mkeo ameshameza dawa za watu wawili peke yake. Akanyamaza kidogo. Nikampa kikopo. Akauliza msala uko upande gani.