Kabla hujakata sakafu ya Beetle

Wengi wanaotaka kujiundia gari huanza na bodi. Wameipenda sura, wamenunua faibaglasi yao, ndipo wanakumbuka kwamba inahitaji kitu cha kukalia. Mimi huanzia chini, kwa sababu gari lote litaendeshwa na kile kilicho chini.

Magari mengi ya leo hayana fremu. Nguvu zake zimegawanywa kwenye paa, nguzo za milango na vizingiti. Ukivikata hivyo, sakafu inayobaki ni bati tu. Volkswagen Beetle ilijengwa kwa namna nyingine: katikati ya sakafu hupita handaki la chuma, kama uti wa mgongo. Mbele kuna ekseli iliyofungwa kwa bolti nne. Nyuma kuna bomba nene lililokatiza, ndani yake mna fito za msokoto zinazofanya kazi ya springi, kisha pembe mbili zinazobeba gia boksi na injini. Nyanyua bodi yote pembeni, na kilichobaki bado kinaweza kuendeshwa.

Bruce Meyers wa California, aliyebuni Manx, gari dogo la wazi la kukimbilia mchangani, alilifikia hilo kwa njia ndefu. Manx zake za kwanza, kuanzia 1964, zilikuwa na bodi ya faibaglasi iliyobeba mzigo wote yenyewe. Kuziunda kulikuwa na kazi nyingi na gharama kubwa, kwa hiyo baada ya kama dazeni moja akahamia kwenye sakafu ya Beetle iliyofupishwa. Naona huo ndio uamuzi ulioifanya Manx iwe gari la watu.

Ila sakafu hiyo haina nguvu zake zote ikiwa peke yake. Zile njia pana za hewa ya moto zinazopita chini ya milango ni sehemu ya bodi. Bodi ikiondoka, zinaondoka nayo, na handaki linabaki likijisokota. Kwa gari lisilo na paa mimi huchomelea bomba la chuma la pembe nne kila upande, pale pale njia zile zilipokaa, na bodi mpya naifunga kwa bolti kwenye bomba hilo.

Kutu nayo ina mahali pake pa kuanzia. Betri ya Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na tindikali imedondoka hapo kwa miaka. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia ngaa, lililooza hulia du. Nikisikia du, sikwangui rangi kujifariji. Nabadilisha nusu nzima ya sakafu.

Kufupisha ndiko kunakoniuma moyo nikikuona kunafanywa haraka. Umbali wa ekseli hadi ekseli ni milimita 2400, na kwa gari la mtindo wa Manx huondolewa kama sentimita 36, mbele kidogo ya lile bomba la nyuma. Zamani nilikata sakafu moja bila kuifunga kwanza kwenye fremu ya kazi, ile inayoishikilia isipinde. Joto la kuchomelea likaivuta, na gari likawa linakwenda upande kila ukiachia usukani. Nilikata tena, nikaanza upya. Tangu siku ile napima mishazari yote miwili kabla ya kila mshono na baada yake, na sichomelei mshono mrefu kwa mkupuo mmoja.

Kumbuka pia kilichomo ndani ya handaki: fito ya gia, vibomba vya waya za klachi, eksileta na breki ya mkono, na bomba la petroli. Hilo la petroli litoke kabla cheche ya kwanza haijaruka, na handaki lipigwe hewa vizuri. Fito ya gia ifupishwe kwa kipimo kile kile ulichokata, bila kuizungusha hata kidogo. Ikizunguka, utaitafuta gia ya kwanza usiipate, na kufikia hapo bodi itakuwa imeshafungwa juu yake.