Mishipa ya mwanamke na ya mwanamume haizeeki kwa mwendo mmoja
Wanawake waliovuka miaka 50 huniuliza swali moja kila mara: “Daktari, presha yangu ilikuwa nzuri miaka yote, mbona imepanda ghafla?” Mara nyingi haikupanda ghafla.

Ateri changa, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kuipeleka mwilini, hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hunywea, kwa kuwa ukuta wake una nyuzi za elastini, zinazovutika kama mpira. Umri unavyosonga nyuzi hizo hukatika, kolajeni, protini iliyo ngumu zaidi, huongezeka, na mshipa hukakamaa. Hili halimwachi mtu. Kinachotofautiana ni ratiba.

Mwanamke anapokuwa bado anapata hedhi, estrojeni, homoni ya kike, huchochea utando wa ndani wa mshipa utoe nitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa. Utafiti wa mwaka 1994 uliopima watu wenye afya ulionyesha kwamba uwezo wa ateri kutanuka huanza kupungua karibu na miaka 40 kwa wanaume, na baada ya miaka 50 kwa wanawake. Ila kwa wanawake, ukishaanza kupungua, hushuka kwa kasi zaidi. Wanaume hutangulia kupata shambulio la moyo, wanawake huwafikia.

Homoni pekee hazitoshi kueleza yote. Takwimu za Marekani zilizochapishwa mwaka 2020 zilionyesha presha ya wanawake ikipanda kwa kasi kuliko ya wanaume tangu ujanani, miaka mingi kabla ya hedhi kukoma. Ilianzia chini, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kimo nacho kina sehemu yake. Kila pigo la moyo hutuma wimbi linalorudi likigonga matawi ya mishipa. Kwa mtu mfupi, na wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume, linarudi mapema, moyo ukiwa bado unasukuma, nao hulazimika kutumia nguvu zaidi. Ukuta wa moyo hunenepa na kukakamaa, na ndiyo maana aina ya moyo kushindwa inayotokana na ukakamavu huwapata zaidi wanawake wazee.

Wengine huomba vidonge vya homoni ili kulinda moyo. Kwa lengo hilo, siwaandikii. Jaribio kubwa la vidonge vya estrojeni na projestini, homoni nyingine ya kike iliyotengenezwa, lilisitishwa Marekani mwaka 2002; kiharusi na damu kuganda vilikuwa vimeongezeka.

Badala yake nauliza jambo ambalo faili nyingi hazina: “Mama, uliwahi kupandwa na presha ukiwa mjamzito?” Aliyepata priklampsia, ugonjwa wa ujauzito unaopandisha presha na kuweza kudhuru viungo kama figo, hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadaye ni takriban mara mbili, hata kama presha ilishuka baada ya kujifungua na hakuna aliyemwambia arudi kupimwa.