Injini ya ndege ya kujiundia: mazoea ya gereji yanayotudanganya

Kila ikisambaa video ya mtu kaunda ndege nyumbani kwake kule Marekani, mafundi wenzangu wanasema injini ni injini tu, ukiijua ya gari hiyo nyingine utaimudu. Hapana jamani. Hii mada naipenda sana na hapo nabisha, maana yale tunayoyajua ya gari ndiyo yanaweza kukuua pale. Nachukua mfano wa Lycoming O-320, silinda 4, nguvu za farasi 150 au 160, inafungwa sana kwenye ndege za Van's Aircraft ambazo unanunua vipande unakuja kuunga mwenyewe.

Anza na swichi. Kwenye gari ukizima umekata umeme, cheche hakuna, kwisha. Huku ni kinyume kabisa, cheche zinatoka kwenye magneto 2, yaani vidude vinavyojizalishia umeme wa cheche, zinazozungushwa na injini yenyewe, betri haihusiki, na ukizima swichi haikati chochote bali inaunganisha waya wa magneto na bodi ya injini ndio cheche inakufa. Sasa huo waya ukichomoka, au siku ya kufunga hukuukaza vizuri, ufunguo unao mfukoni na magneto iko hai, unaisogeza propela kwa mkono kidogo tu injini inashika. Mkono unaondoka hapo hapo, au kichwa. Ndiyo maana walio makini hawasimami kwenye njia ya propela hata ndege ikiwa imezimwa, na kabla ya kuzima, injini ikiwa inanguruma taratibu, wanageuza ufunguo mara moja na kuurudisha kuhakikisha cheche zinakata kweli.

Halafu injini mpya. Sisi tunaambiana usiikimbize, nenda nayo pole pole mpaka izoee. Lycoming ukiifanyia hivyo unaiharibu, tena kwa mapenzi! Ringi za pistoni zinataka presha kubwa ndani ya silinda ili zisuguane na ukuta na kukaa sawa, ukiiacha inanguruma chini nusu saa unaisikiliza kwa raha, oili inaungulia ukutani, ukuta unabaki laini kama kioo, ringi hazikai tena na injini itakula oili mpaka siku uvue silinda. Kwa hiyo chini ni dakika chache tu, ikishafika angani inakwenda na nguvu ya asilimia 75 hivi, na kwa modeli nyingi oili inayowekwa ni mineral tupu isiyotiwa dawa, masaa 50 ya kwanza au mpaka ulaji wa oili utulie.

Kuchemsha nako kunachanganya watu. Rejeta hakuna, inapozwa na upepo, basi mtu anawaza atanue matundu ya mbele. Hewa inatakiwa iingie juu ya silinda ishuke kati ya mapezi yake itokee chini, na haishuki kama presha ya juu haijazidi ya chini, kwa hiyo upenyo wowote kati ya boneti na vibati vinavyozunguka silinda kuielekeza hewa unaiba hewa. Weka taa chini ndani ya boneti uchungulie kwa mbele, unapoona mwanga pembeni ya kibati hapo panavuja, ziba na raba ya silikoni.

Wapo wanaodhani injini lazima uiunde mwenyewe ndio ndege iwe yako. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ya kuunda ndege uifanye kwa kujifunza au kujifurahisha, injini nunua tu. Hata akina Wright, wale ndugu wawili walioruka na ndege yenye injini mwaka 1903, ya kwao aliitengeneza fundi wao Charlie Taylor, farasi 12.

Na ukisikia inawaka vizuri chini usiseme mafuta yanatosha. Inua pua mpaka pembe ya kupaa, chomoa bomba kwenye kabureta, mwagia kwenye ndoo huku unaangalia saa. Kama injini inakula lita 50 kwa saa ikiwa nguvu yote, bomba lenye pampu limwage asilimia 125 ya hiyo, yaani zaidi kidogo ya lita 1 kwa dakika, na kama mafuta yanashuka yenyewe bila pampu inatakiwa asilimia 150. Ndoo isipofika hapo, hiyo ndege haipai.