Mlio baada ya mpira wa shingoni kutolewa si pumu: maswali na majibu

Mpira wa kupumulia uliopitishwa kwenye tundu la shingoni ukishatolewa, tundu hilo si hujiziba lenyewe?
Mara nyingi huziba, kati ya siku chache na wiki 2. Mpira uliokaa miezi mingi ni jambo jengine: ngozi huota ikaingia ndani na kuivika njia yote hadi kwenye bomba la hewa. Tundu hilo halizibi hata ukilipaka habasoda asubuhi na jioni. Likiwa bado linatoa hewa au makohozi baada ya miezi 3, muone daktari wa koo.

Nilizibe kwa pamba?
Usithubutu. Pamba huvutwa na pumzi ikaingia ndani. Weka shashi safi kwa juu, basi. Na baharini usiingie. Maji yatakwenda moja kwa moja mapafuni.

Tangu mpira utolewe anapumua kwa mlio. Ni pumu?
Hapana. Pumu hulia zaidi mtu anapotoa pumzi. Mlio huu husikika anapovuta, kwa sababu kovu limelibana bomba pale mpira ulipokaa. Bomba la mtu mzima lina upana wa kama milimita 15 hadi 20. Likibaki 8, anahema akipanda ngazi. Likifika 5, anatoa mlio hata akiwa ameketi.

Lakini alikuwa na pumu tangu mdogo.
Hata hivyo. Pampu ya pumu haifungui kovu. Bomba liangaliwe kwanza.

Tusubiri boti ya Jumamosi twende Unguja?
Msisubiri! Aliyeko Pemba apelekwe leo spitali iliyo karibu, Mkoani, Chake au Wete, apewe oksijeni. Wao ndio watakaopanga safari. Semeni mapema kwamba aliwahi kuwekwa mpira shingoni, maana shingo ikiwa ndani ya mtandio hakuna atakayeliona kovu.

Upasuaji wa kufunga tundu ukoje?
Huanza na kamera kooni. Kufunga tundu juu ya bomba lililobana ni kumziba mtu pumzi. Kisha njia ya ngozi hukatwa, na kovu lililogandana na bomba, lile linaloivuta ngozi kila akimeza, hubanduliwa. Misuli ya pande mbili huletwa katikati na kushonwa, mwisho ngozi.

Akirudi nyumbani?
Akikohoa, aishikilie bendeji kwa kiganja. Shingo ikivimba, na ukiibonyeza inachakacha kama karatasi, hewa inavuja chini ya ngozi. Msikande, msifukize. Mrudisheni spitali saa hiyo hiyo, nyuzi zifunguliwe hewa itoke.