Thamostati ya gari: injini baridi nayo ni mgonjwa

Mshale wa temperecha ukipanda, kila dereva hushtuka. Ukilala chini muda wote wa safari, wengi hufurahi wakidhani injini iko salama. Haiko salama. Injini nyingi zimeundwa zifanye kazi maji yake yakiwa kwenye nyuzi 90 hivi za Selsiasi, nyingine zaidi ya hapo. Isipofika huko inalika kimyakimya.

Kinacholinda joto hilo ni thamostati, vali ndogo inayoenea kiganjani, iliyofungwa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo cha nta. Injini ikiwa baridi nta huwa ngumu, springi huibana vali, na maji huzunguka ndani ya injini tu, ndiyo maana hupata moto upesi. Nta ikiyeyuka hutanuka, husukuma kipini, vali hufunguka na maji hupata njia ya kwenda rejeta. Siku hizi zipo zinazosaidiwa na umeme, lakini kazi kubwa bado inafanywa na nta ileile.

Thamostati ikinasa wazi, sensa huiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado ni baridi, nayo huendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Gari linakula mafuta, plagi zinashika masizi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kisha kuna maji: kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Mwingi hutokea kwenye ekzosi, lakini kiasi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni hadi kwenye oili. Oili yenye moto wa kutosha huyafukuza, oili baridi hukaa nayo. Fungua kifuniko cha oili cha gari la namna hii, chini yake unaweza kukuta ukoko laini wa rangi ya maziwa. (Usikimbilie kulaumu thamostati peke yake, kwani gasketi ya silinda hedi iliyoungua nayo huleta rangi hiyo. Angalia kama maji ya rejeta yanapungua.)

Sasa namba. Kwenye bati la thamostati kumegongwa 82, 88 au nyingine, nalo ndilo joto ambalo vali huanza kufunguka. Hufunguka yote nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi naona ndiyo sehemu ya kushika kuliko zote. Gari linachemsha, mtu anashauriwa afunge thamostati ya 76, au aing'oe kabisa. Lakini namba ile inaamua injini isishuke chini ya joto gani. Isipande zaidi ya wapi, hilo linaamuliwa na rejeta, feni na pampu ya maji. Gari likiwa limefikia nyuzi 110, thamostati ya 76 na ya 88 zote zimeshafunguka yote, hazina tofauti. Rejeta iliyoziba itabaki imeziba. Kuing'oa ni vibaya zaidi: kwenye injini nyingi vali ikifunguka huziba pia njia fupi ya maji ya kurudi injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji hairudi tena kupitia rejeta. Unaweza kuendelea kuchemsha huku thamostati iko kwenye droo.

Kuipima ni rahisi. Washa gari likiwa baridi na ushike bomba la juu la rejeta, ukichunga vidole na feni. Thamostati ikiwa nzima, bomba hukaa baridi dakika kadhaa kisha hupata moto ghafla. Bomba likianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, vali haifungi. Kwenye injini ambazo thamostati iko upande wa bomba la chini, kipimo hiki hakitakwambia kitu, kwa hiyo ifungue. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, weka kipimajoto, pasha taratibu. Ya 82 inayoanza kufunguka kwenye 70 ni ya kutupa.

Ukinunua mpya, chukua namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa injini yako. Usipunguze eti kwa sababu unaishi kwenye joto. Kama ina kipini kidogo cha kupitisha hewa, kielekeze juu wakati wa kufunga, badilisha gasketi yake, jaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) na utoe hewa yote. Kisha endesha. Mshale upande, ufike mahali pake, utulie, na usianze kushuka kila ukishika barabara ndefu yenye upepo.